Kaka ndiye msimamizi wa mirathi. Je, nyumba ya baba imekuwa yake?

SWALI: Shikamoo wakili. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita, mama alishatangulia. Ametuachia nyumba ya vyumba sita Ngamiani, Tanga. Tumebaki watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, sote Waislamu. Mahakama ya Mwanzo ilimteua kaka mkubwa kuwa msimamizi. Tangu hapo kodi anakula peke yake, na sasa kaleta dalali. Tukimuuliza anasema barua ya mirathi ina jina lake. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba dada, na poleni.

Barua ile imempa kaka yako kazi, haikumpa nyumba. Kazi yenyewe ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake, kuwagawia warithi na kufunga mirathi. Ndani ya miezi minne alipaswa kupeleka mahakamani orodha ya mali (Fomu Na. 5), kisha hesabu za mgawanyo (Fomu Na. 6). Chukua namba ya shauri, nenda kwa karani uombe kuona jalada. Mara nyingi fomu hizo hazimo.

Kama hakuna mrithi mwingine, mfano bibi mzaa baba, nyumba hiyo ina mafungu sita: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Kodi nayo ni hivyo hivyo. Tuseme kila chumba ni sh. 50,000, jumla 300,000 kwa mwezi: fungu lako ni 50,000, na ya miezi iliyopita unaidai. Ila kama aliezeka paa kwa fedha zake na risiti anazo, arudishiwe kwanza. Hiyo ni haki yake.

Anayenitia wasiwasi ni huyo dalali. Wengi wanaamini msimamizi hawezi kuuza bila saini za warithi wote. Sivyo! Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba msimamizi halazimiki kupata ridhaa yao kwanza. Mkichelewa, mnaweza kujikuta mnadai fedha badala ya nyumba. Wiki hii hii mwandikieni hakimu aliyemteua, mkiomba aitwe atoe hesabu na mauzo yasimame. Akikaidi, ombeni uteuzi wake utenguliwe. Nyumba ikiwa na hati, wekeni zuio kwa Msajili wa Hati. Ikiwa na leseni ya makazi tu, pelekeni nakala ya barua mliyomwandikia hakimu Serikali ya Mtaa na halmashauri. Msikimbilie Baraza la Ardhi. Mirathi ikiwa bado wazi, mgogoro wa warithi na msimamizi ni wa mahakama ya mirathi.

Mgawanyo ukipita, hakikisheni mnasajiliwa wote wanne, kila mmoja kwa hisa yake. Mmoja wenu akifariki, hisa yake inakwenda kwa warithi wake mwenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, mwenye hisa hamuuzii mtu wa nje bila ridhaa ya maandishi ya wenzake, nao hawaruhusiwi kukataa bila sababu ya msingi. Anayetaka kutoka hazuiwi: leteni mthamini, wanaobaki wamlipe fungu lake kwa bei hiyo. Wasipoweza, anaweza kuomba amri nyumba iuzwe, kila mtu achukue chake.