Mchicha wangu umegeuka rangi ya ugoro kwenye friza

SWALI: Shikamoo anti. Niko Tabora, hapa Isevya, nina kabustani nyuma ya nyumba. Mvua zikiwepo mchicha na majani ya maboga vinatushinda mpaka nagawa kwa majirani, ila ikifika mwezi wa nane kafungu kadogo tu sokoni bei imepanda na majani yenyewe yamechoka. Mwaka huu nikasema liwalo na liwe, nikaosha mchicha, nikakatakata, nikajaza friza. Miezi miwili baadae nafungua, rangi ya ugoro na unanuka kama majani ya ng'ombe, watoto wamegoma kabisa. Nimekosea wapi? – Mama Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeruka hatua moja tu, hukuuchovya kwenye maji ya moto. Watu tunadhani kitu kikiganda ndo kimelala, kumbe ndani ya jani kuna vimeng'enya vinaendelea kufanya kazi polepole hata kwenye barafu, hivyo ndo vinakula rangi na ladha, na dawa yake ni moto.

Bandika sufuria kubwa, lita 8 hivi kwa nusu kilo ya majani. Najua mkaa ulivyo bei, kwa hiyo chovya kidogokidogo, maji ni hayohayo. Yakishatokota tumbukiza, yakirudi kutokota ndo uanze kuhesabu, mchicha na majani ya maboga dakika 2, sukuma wiki dakika 3. Ukiyasahau umeshapika mboga! Toa haraka tia kwenye beseni la maji ya barafu (zile za vimfuko wanazouza watoto zinatosha kabisa), yakipoa chuja, kamua sana, halafu funga mafungu ya mlo mmojammoja na hewa uitoe yote maana hewa ndo inayakausha. Andika tarehe. Friza ikiwa nyuzi -18 utakula mpaka miezi 8 na kuendelea, yaani ya mwezi wa tatu inakukutanisha na mvua zingine. Kale kachumba ka juu kwenye friji hakafiki huko, hayo maliza ndani ya wiki chache. Siku ya kupika usiyayeyushe, tupia hivyohivyo kwenye kitunguu na nyanya.

Kisamvu usikichovye dakika 2 ukadhani umemaliza, kina sumu na baridi haiiondoi. Twanga, chemsha mpaka kiive, ndo ugandishe. Na majani ya kunde mimi hata siyapeleki friza, nayaanika yawe nsansa, mboga kavu, kama bibi zetu, jua la Tabora halina luku.

Maana umeme nao una mambo yake. Friza iliyojaa usipoifungua inakaa na baridi kama siku mbili, iliyo nusu siku moja, kwa hiyo pakibaki nafasi jazia chupa za maji. Alafu gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya mia mbili juu ya barafu, ukiacha nyumba kiache humo. Mimi nilienda msibani Urambo siku nne, narudi umeme upo, kila kitu kimeganda vizuri, nachungulia kikombe, sarafu iko chini kabisa, kumbe umeme ulikatika barafu ikayeyuka ndo ikaganda tena. Nikatupa vyote vilivyokuwa kwenye friza.