Bango la Opera: Chagua Tukio Moja, Hesabu Rangi Zako

Msomaji amenitumia bango la onyesho lao la muziki: sura sita, nembo za wadhamini kila pembe, rangi zote za upinde wa mvua. Anauliza mbona watu wanalipita tu. Jibu liko Milano, Italia, kwa kampuni ya Ricordi, waliochapa noti za muziki wa Puccini, mtunzi wa opera (michezo ya jukwaani inayoimbwa), na mabango ya opera zake pia.

Tazama bango la opera yake Tosca, alilochora Adolf Hohenstein. Opera nzima ina mateso, mapenzi na watu kupigwa risasi, lakini yeye kachukua tukio moja: Scarpia, mkuu wa polisi, amelala maiti, mishumaa inawaka, na Tosca, mwimbaji aliyemuua, anamwekea msalaba kifuani. Basi. Hohenstein ndiye pia aliyebuni mavazi na mandhari ya jukwaa kwa onyesho la kwanza, Roma, Januari 1900, kwa hiyo barabarani watu waliona kilekile watakachokiona ndani. Huo ndio uaminifu ninaoudai kwa kila mbunifu: kaa kwenye mazoezi kabla ya kufungua kompyuta. Mwaka 1904 Leopoldo Metlicovitz alimchora Butterfly, mke anayemngoja mumewe katika opera ya Puccini Madama Butterfly, akiwa ametugeuzia mgongo, anatazama nje. Uso hauonekani, lakini unahisi anavyosubiri.

Rangi nazo hawakuzimwaga ovyo. Mabango hayo yalichapwa kwa litografia, yaani uchapaji wa jiwe: unachora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unapaka gundi ya arabiki yenye asidi kidogo, unalowesha maji, kisha unapitisha roli ya wino. Wino hushika penye mafuta na kukataa penye maji. Kila rangi ina jiwe lake, na karatasi inapita upya kwa kila jiwe. Karatasi ikivuta unyevu hutanuka, alama za pembeni za kulinganisha rangi hazikutani tena, na mdomo unatokea pembeni mwa uso. Ndiyo maana kila rangi ilibidi iwe na kazi.

Jiwekee sheria hiyohiyo: rangi tatu, nyeusi ikiwemo. Maandishi madogo meusi yawe K 100 peke yake, yaani wino mweusi tu, asilimia 100. Ukiupata weusi kwa kuchanganya wino zote nne za mashine ya kuchapa, mashine ikiyumba kidogo herufi zinaota ukungu. Acha picha izidi ukingo kwa milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata, na maandishi yakae angalau sentimita 1 ndani ya ukingo. Jina la onyesho lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara: kwa mita 3 herufi za sentimita 2.5 zinatosha, kwa mita 10 weka kama 8. Wengi hukosea hapa kwa sababu wanakagua bango kwenye skrini, wamelikaribia kama simu.

Mahali, tarehe na saa viwe pamoja, chini ya jina. Wadhamini wapange mstari mmoja, rangi moja, hata wakinuna.