Barua kwa mwanangu: kwa nini mwenzako anakuzidi mshahara

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma kwa utulivu. Unataka kujua wahandisi wanalipwa nini hasa, na kwa nini mwenzako mliyesoma darasa moja, ambaye wewe ulikuwa ukimfundisha hesabu za miundo, leo anapokea karibu mara mbili yako katika kampuni ya mafuta huku wewe unasanifu mihimili ya zege. Mwishoni ukaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kuna mkandarasi anakutaka saiti kwa nyongeza ya robo ya mshahara wako, na hujui uende au ubaki.

Mimi mama yako nimeifanya kazi hii miaka mingi. Nimesailiwa, nimesaili wengine, na nimepitisha bajeti za mishahara ya wahandisi walio chini yangu. Nitakueleza mambo jinsi yanavyoonekana kwa yule anayeandika kile kiwango kwenye mkataba, maana huko ndiko vijana wengi hawajawahi kuchungulia.

Alama za chuo ziweke pembeni. Zilikufungulia mlango wa kwanza, na baada ya miaka miwili mitatu hakuna atakayeziuliza. Ugumu wa hesabu unazopiga nao hauna uzito mkubwa kama unavyodhani. Anayepanga mshahara wako anatazama mambo mawili: kazi yako inamwingizia au inamwokolea fedha kiasi gani, na ni nani mwingine aliye tayari kukuchukua kesho. Karibu kila kitu kingine kinachipuka hapo.

Mtazame mwenzako kwa jicho hilo. Kule Marekani, ambako serikali huchapisha takwimu za mishahara kila mwaka, mshahara wa kati wa mhandisi wa petroli mwezi Mei 2023 ulikuwa dola 135,690 kwa mwaka. Wa mhandisi wa mitambo ulikuwa dola 99,510, na wa mhandisi ujenzi dola 95,890. Mshahara wa kati maana yake nusu ya wahandisi hao walipata zaidi ya hapo na nusu walipata pungufu. Usivilinganishe viwango hivyo na unachopokea wewe, kila nchi ina uchumi wake. Angalia pengo lililopo kati ya fani na fani. Wote hao ni wahandisi wenye shahada, wote wanajua hesabu, ila mtambo wa kuchimba kisima baharini unakodishwa kwa fedha nyingi sana kwa siku, na mhandisi anayepunguza siku chache za uchimbaji anakuwa ameshalipia mshahara wake wa mwaka mzima na zaidi. Mwajiri wa namna hiyo habishani sana juu ya kiwango.

Lakini fedha hiyo inapanda na kushuka pamoja na bei ya pipa. Katikati ya mwaka 2014 pipa lilikuwa linauzwa zaidi ya dola 100. Ilipofika Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Hakuna mhandisi aliyesahau hesabu zake katika miezi hiyo, na bado maelfu waliachishwa kazi duniani kote, wengine wakiwa na mikopo ya nyumba waliyoichukua wakitegemea mshahara wa miaka ya neema. Ukiulizia mshahara wa mwenzako, ulizia pia ana akiba ya miezi mingapi. Sikuambii hivi ili umwonee huruma, wala ili ujiliwaze. Sehemu ya kile anacholipwa ni malipo ya hatari hiyo, pamoja na wiki anazokaa mbali na watu wake.

Sasa tuje kwako. Umeajiriwa na kampuni ya ushauri, na biashara ya kampuni ya ushauri ni kuuza saa. Hili nataka ulielewe vizuri, kwa sababu ndilo linaloamua mshahara wako. Mteja anatozwa kwa saa yako kiasi ambacho kwa kawaida ni mara mbili na nusu hadi mara tatu ya kile unacholipwa wewe kwa saa hiyo hiyo. Tofauti hiyo haiingii yote mfukoni mwa mwenye kampuni. Inalipia pango, programu za usanifu, bima ya makosa ya kitaaluma, watu wa uhasibu, likizo yako, na zile saa zote ambazo hazina wa kutozwa: mafunzo, vikao, na maandalizi ya zabuni ambazo mtazikosa. Kinachobaki ndicho faida, na mara nyingi ni chembamba, maana kazi nyingi za barabara, madaraja na maji hutolewa kwa zabuni ambako bei ina uzito mkubwa. Ndiyo sababu bosi wako, hata akiwa mtu mwema, hawezi kukupandishia mshahara kwa kuwa tu unajituma. Anaweza ikiwa saa yako sasa inauzika kwa bei ya juu zaidi.

Na saa ya mhandisi ujenzi hupanda bei lini? Anapopata leseni na muhuri wake.

Najua unaiona bodi ya usajili kama urasimu wa kujaza fomu na kulipa ada. Hebu nikukumbushe kilichotokea Kansas City, Julai 1981. Ndani ya hoteli ya Hyatt Regency kulikuwa na njia za watembea kwa miguu zilizoning'inizwa kwenye dari kwa fito za chuma, moja juu ya nyingine. Katika usanifu wa awali fito ndefu zilipaswa kushuka kutoka darini na kupita njia zote mbili. Wakati wa utengenezaji zikabadilishwa: njia ya chini ikaning'inizwa kwenye njia ya juu kwa fito zake yenyewe. Kwenye mchoro ni badiliko dogo mno, lakini liliongeza mzigo kwenye viungio vya njia ya juu maradufu. Njia zilianguka, wakafa watu 114. Wahandisi waliobeba dhamana ya usanifu walinyang'anywa leseni zao. Mwanangu, mwenye muhuri halipwi kwa kuchora. Analipwa kwa sababu sheria inamtambua kama mtu wa kujibu endapo kitu kitaanguka. Sheria za namna hiyo zilianza Marekani mwaka 1907 katika jimbo la Wyoming, ambako hadi hapo mtu yeyote aliweza kutia saini ramani na kujiita mhandisi. Huko, kwa njia ya kawaida, leo hufikii leseni kamili bila shahada inayotambulika, mtihani wa misingi, takribani miaka 4 ya kazi chini ya mhandisi mwenye leseni, na mtihani wa pili. Nchi nyingine zina taratibu zao, ila mantiki ni hiyo hiyo. Kampuni isiyo na watu wa kutia saini haiwezi hata kuingia kwenye zabuni fulani, kwa hiyo siku utakayopata muhuri unaacha kuwa gharama na unakuwa sharti la kupata kazi. Hapo ndipo mazungumzo ya mshahara yanapobadilika. Dai pia kuandikwa kwenye bima ya kampuni, usikubali kutia saini bila hiyo.

Shahada yako ukitaka kuihamishia ng'ambo, ulizia kama chombo kilichoidhinisha programu yenu ya masomo kimo katika Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao wanachama wake hutambuliana shahada za uhandisi. Hilo peke yake linaweza kuamua kama utaanza kama mhandisi au kama fundi sanifu.

Nirudi kwenye lile jambo la pili nililotaja, la nani mwingine anaweza kukuchukua. Wengi hawaamini nikiwaambia lina nguvu kiasi gani, basi sikiliza hili. Kule California, kampuni kubwa za teknolojia, zikiwemo Apple, Google, Intel na Adobe, zilishtakiwa na wahandisi wao kwa kuafikiana kimyakimya kutochukuliana wafanyakazi. Wahandisi hao walikuwa miongoni mwa wanaolipwa vizuri zaidi duniani, na hata hivyo hoja yao ilikuwa rahisi: kama jirani haruhusiwi kunipigia simu, mshahara wangu haupandi. Mwaka 2015 mahakama iliidhinisha kampuni hizo nne walipe dola milioni 415 kumaliza kesi. Makubaliano hayo yalikuwa na maana kwao kwa sababu moja tu, kwamba simu ya mwajiri mwingine ina thamani. Kwa hiyo zipokee simu, hata kama huna nia ya kuhama. Na ukisoma mkataba, tafuta kifungu kinachokuzuia kufanya kazi kwa mshindani ukishaondoka. California ilivibatilisha vifungu vya namna hiyo tangu mwaka 1872, na naamini hiyo ni sehemu ya sababu wahandisi wake wanahama kwa urahisi na kulipwa vizuri. Kwingine vinaweza kukufunga, na watu wanavitia saini bila kuvisoma.

Uzoefu unalipa, ila haulipi sawasawa miaka yote. Miaka ya mwanzo mshahara hupanda haraka kwa kuwa unatoka kuwa mtu wa kusimamiwa na unakuwa mtu wa kuachiwa kazi. Baadaye mshahara hulala palepale, hasa kwa aliyekaa mahali pamoja akirudia mwaka ule ule wa uzoefu. Nimeona mhandisi wa miaka mingi akizidiwa kidogo na kijana aliyeajiriwa jana, kwa sababu kijana aliletwa kwa bei ya soko na mzee alikuwa akipewa nyongeza ya kila mwaka ya asilimia ndogo. Hakuna aliyemfanyia njama. Hakuuliza tu, na ofisi haina desturi ya kumkumbuka asiyeuliza.

Hapo nina neno na wewe kama binti. Katika nafasi zile zile, wanawake mara nyingi huanza wakiwa chini, na kwa kuwa nyongeza huhesabiwa kwa asilimia, pengo la siku ya kwanza linakua nao. Iceland mwaka 2018 ilianza kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 25 au zaidi zithibitishe kwamba zinalipa sawa kwa kazi sawa. Jimbo la Colorado, tangu 2021, linataka tangazo la kazi litaje kiwango cha mshahara. Mahali pasipo na sheria hiyo, iulize wewe: "Nafasi hii mmeitengea kiwango gani?" Uliza kabla hujataja unachopokea sasa. Ukitaja cha sasa kwanza, watakiongezea kidogo na mtakuwa mmemaliza. Usione haya, mwanangu. Wenzako wa kiume hawaoni.

Sasa huyo mkandarasi. Robo ya mshahara inavutia, lakini chukua kalamu. Ofisini unafanya saa 40 kwa wiki. Saiti, kwa maelezo yako mwenyewe, ni saa 60, Jumamosi zikiwemo. Muda umeongezeka kwa nusu, fedha kwa robo. Ukigawanya, kila saa yako imeshuka bei kwa moja ya sita. Na bado hujahesabu kwamba mkataba wao ni wa mradi, hivyo mradi ukiisha nawe umeisha, wakati ofisini una pensheni, bima ya afya na notisi ya kueleweka. Mshahara ghafi ni mstari mmoja tu. Soma na mingine yote: posho ya mazingira, nyumba, usafiri wa kwenda nyumbani, saa za ziada, kiinua mgongo.

Hata hivyo sisemi ukatae. Mhandisi ujenzi ambaye hajawahi kusimama kwenye zege likimiminwa ana kitu kinamkosesha kujiamini maisha yake yote, na wasaili wanakinusa. Mwaka mmoja au miwili ya saiti, tena wakati huu ambapo huna wa kumlea, itakuongezea bei kuliko hiyo robo yenyewe. Ninachotaka ni uende kwa masharti. Waandike saa za kazi na malipo ya ziada. Waandike kwamba mkataba ukivunjwa kabla ya mradi kwisha utalipwa nini. Na muhimu kuliko yote, uliza kama msimamizi wako pale saiti ni mhandisi aliyesajiliwa ambaye atatia saini kumbukumbu zako za uzoefu. Kama hayupo, muda huo unaweza usihesabike kwenye leseni, na kwa robo ya mshahara utakuwa umejicheleweshea muhuri. Hapo jibu langu ni hapana.

Kuhusu kuhamia mafuta au programu za kompyuta, kama moyo wako uko huko, nenda, na huko utakuta hisa zinazogawiwa kidogo kidogo kwa miaka minne na mambo mengine ya kujifunza. Ila katika ujumbe wote ulionitumia, mahali pekee ulipoandika kwa furaha ni pale ulipoelezea lile daraja. Nimeliona hilo.

Nitumie mkataba wa mkandarasi kabla hujausaini, wote na viambatisho vyake. Nitaanza na vifungu vya kuvunja mkataba, halafu tutaongea Jumapili.

Mama yako