Ukitaka ujaji, jifunze kusikiliza unaowachukia

Wiki iliyopita wakili mmoja kijana aliniandikia: "Senior, nina miaka tisa ya kutetea haki za binadamu. Nifanyeje niwe jaji?" Nilicheka. Ananiuliza mimi niliyekataliwa?

Lililo rahisi kwanza. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 inataka uzoefu wa miaka 10 kwa Mahakama Kuu, 15 kwa Mahakama ya Juu. Na asikudanganye mtu kwamba wanaharakati hawapiti. Willy Mutunga aliwekwa kizuizini 1982. Mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu, kipuli chake sikioni. Mumbi Ngugi naye alitoka kwenye utetezi wa haki akaingia Mahakama Kuu mwaka huohuo.

Mimi nilienda na miaka 17, tena kesi zangu hazikuwa za mchezo. Nimewatoa watu seli saa saba usiku. Nilipoitwa kwenye usaili nilishona suti mpya. Swali la tatu ndilo lililonimaliza: "Serikali ikija mbele yako na hoja nzuri, utaisikiliza?" Nikahutubu. Nikataja waliouawa, nikataja waliopotezwa. Mama aliyeuliza alikuwa ameshika kalamu. Katikati ya hotuba yangu akaifunga kifuniko, akailaza juu ya faili langu. Nikadhani maneno yamemgusa!

Barua ya kunikataa ilikuwa na mistari minne. Kati ya waliochukuliwa, wawili niliwahi kuwagaragaza mahakamani. Linaniuma hadi leo, sitaficha.

Kwa hiyo kijana, jifunze kusikiliza. Isome hukumu ya Mumbi Ngugi ya Aprili 2012 kuhusu sheria ya bidhaa bandia. Watu watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walihofia kwamba dawa zao za bei nafuu zingehesabiwa bandia. Walishinda, lakini hoja za serikali zimeelezwa mle kabla ya kukataliwa, bila kejeli. Mimi ningeanza na kejeli.

Pili, andika. Wataomba kuona maandishi yako ya kisheria, na yangu yalikuwa yameandikwa kwa ajili ya kamera zilizokuwa zikinisubiri nje ya mahakama.

Tatu, sikiliza. Najua nimeshasema, lakini nyinyi vijana mnapenda maikrofoni kuliko faili, mnatoka kortini mbio kuwahi waandishi wa habari hata amri ya mahakama hamjaisoma vizuri. Jaji hana mahali pa kuhutubia. Ana hukumu yake tu, na aliyeshindwa ataisoma neno kwa neno akitafuta kama alisikilizwa.

Siku hizi, jioni, nachukua kesi niliyoshinda na kuiandikia hukumu ambayo mteja wangu anashindwa. Ya kwanza ilinichukua wiki tatu. Ya pili iko hapa mezani: upande wangu una kurasa kumi na moja, wa serikali mbili.