Uliza nani kafanya: neno la -ing kwenye barua ya kazi

Kama unaandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza soma hii kabla hujaiprinti. Mimi nipo steshenari, watu wanakuja kuchapa barua na sivi, na sentensi ninayoirekebisha kuliko zote ni ya aina hii: "Having completed my diploma, your company is the right place for me." Inasikika kisomi eeh, ila irudie taratibu, hapo iliyomaliza diploma ni kampuni.

Shida ni kwamba Kiswahili kimetudekeza. Ukisema "nilimwona mwizi nikikimbilia stendi" hakuna wa kukuuliza, ile ni- inaonyesha mkimbiaji ni wewe, na ukisema "akikimbilia" basi ni yeye. Sasa "running" haina ni- wala a-, haijui ngeli wala wingi, kwa hiyo kinachoamua ni mahali ulipoiweka tu. "I saw the thief running to the bus stand", anayekimbia ni mwizi, ndo jirani yake. "Running to the bus stand, I saw the thief", hapo wewe ndo uko mbio, maana neno la -ing au -ed likitangulia sentensi na mkato ukafuata, linadaka kiima kinachofuata, kiwe mtu, kiwe kampuni, kiwe meza.

Kwa hiyo mi nikifika kwenye ule mkato nauliza, nani kafanya? Jibu liwe ndo kiima kinachofuata. "Having completed my diploma, I am ready to join your company", imeisha hiyo. Au ivunje kabisa, "I completed my diploma and I am ready...", haina ubaya wowote na mtu wa HR, yule anayesoma maombi ya kazi, anaielewa fasta.

Kuna wanaojitetea kwa Shakespeare. Kweli, kwenye tamthilia yake ya Hamlet mzimu wa mfalme unasema "sleeping in my orchard, a serpent stung me", na kwa kanuni hii aliyelala bustanini ni nyoka. Lakini pale kila mtu anajua aliyelala ni mfalme, wewe HR hakujui.

Lingine dogo: neno la aina hii likiwa peke yake linakaa kabla ya nomino, "a broken phone", likiwa na maelezo yake linahamia baada ya nomino, "a phone broken by my child". Afu usichanganye -ing na -ed, "boiling water" inakuunguza sasa hivi, "boiled water" inaweza kuwa imetoka kwenye friji. Na "interested candidate" ndo anayeitaka kazi, "interesting candidate" ni mtu mwenye mambo yake.

Ila usianze kuwinda kila -ing. "Considering", "regarding", "generally speaking", hizo zimeshazoeleka kusimama zenyewe, "Considering the distance, the fare is cheap" iko sawa kabisa, iache.