Maswali na majibu: Taa za ukungu, maji na silikoni

Mvua zimeanza, na barua nyingi za safari hii zinahusu taa za ukungu za magari ya porini: Land Cruiser, Hilux na Defender zinazopanda ukingo wa Ngorongoro alfajiri au kuvuka makorongo yenye maji. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Taa ya kulia ya Hilux yangu ina maji ndani. Fundi ameizungushia silikoni mara mbili, maji yanarudi. Silikoni ipi ni kali zaidi? (Msomaji, Karatu)

Hakuna. Kosa ni kuipaka. Taa hupumua: balbu ya wati 55 ikiwaka, hewa ya ndani hupata moto, hutanuka na kutoka nje. Taa hiyo ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa iliyobaki husinyaa ghafla na kuvuta chochote kilicho karibu. Fundi akishaziba tundu la kupumulia lililo nyuma ya taa, uvutaji huo huhamia kwenye oringi (pete ya mpira) ya balbu au ufa usiouona, na maji yakishaingia hayana pa kutokea.

Isitoshe, silikoni ya bei rahisi inayonuka siki hutoa asidi inapokauka. Asidi hiyo hula terminali za shaba na mng'ao wa rifulekta, ule uso wa ndani unaorudisha mwanga mbele. Hili limesemwa hapa mara nyingi, na bado kila wiki kuna taa inayoharibiwa hivyo.

Toa taa, chomoa balbu, kwangua silikoni yote kwa kadi ya plastiki. Usitumie petroli wala thina kwenye lenzi ya plastiki, itafanya nyufa ndogondogo kama utando wa buibui; maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha. Ndani usifute kwa kitambaa. Mng'ao wa rifulekta ni utando mwembamba wa alumini, unatoka hata kwa kidole. Suuza kwa maji safi, kung'uta, kisha anika juani tundu la balbu likiangalia chini mpaka pasibaki hata tone.

Kama lenzi imeachia, pasha ukingo wake kwa draya ya nywele hadi gundi ilainike, ivute taratibu, safisha mfereji wote, halafu tandika gundi ya butili, ile nyeusi isiyokauka ikawa ngumu, mfululizo bila kuacha pengo. Rudisha lenzi, bana kwa klipu hadi ipoe. Oringi ya balbu badilisha, maana ya zamani imeshakuwa ngumu. Mpya ipake grisi ya silikoni kidogo tu, ambayo ni kitu tofauti kabisa na silikoni ya kuzibia.

Sasa ipe taa pua. Chukua paipu ya maji ya waipa, yenye tundu la ndani la mm 4, ichomeke kwenye chuchu ya kupumulia na uipandishe hadi chini ya boneti, karibu na ukuta wa injini. Ncha iangalie chini, na uiwekee kipande cha sponji, la sivyo nyigu watajenga humo. Kabla ya kufunga taa kwenye bampa, itumbukize kwenye ndoo na upulize paipu kwa mdomo. Povu litakapotoka ndipo penye kasoro. Jaribio hili ni la dakika mbili, na ndilo mafundi wengi wanaloruka.

Fyuzi ya taa za ukungu inaungua kila nikivuka mto. Niweke ya 30A? (Wasomaji wanne)

Msifanye hivyo. Balbu mbili za wati 55 kwa umeme wa volti 12 hula kama ampea 9.2, kwa hiyo fyuzi sahihi ni ya 15A. Ukiweka ya 30A, waya mwembamba ndio utakaogeuka fyuzi, na utaungua ndani ya bampa karibu na plastiki na mafuta. Fyuzi inawaambia kwamba maji yanaunganisha umeme na bodi mahali fulani. Fungueni plagi ya taa mtafute kutu ya kijani, kisha fuateni waya mahali unapopita kwenye ncha kali ya bampa au kibano cha winchi. Mara nyingi ganda limelika hapo. Kateni sehemu mbovu, ungeni kwa kiungio cha kubana na kufunika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Mkanda mweusi wa umeme hauzuii maji.

Taa moja inawaka hafifu ingawa balbu ni mpya. (Msomaji, Tanga)

Kwa ukaribu wako na chumvi ya bahari, anza na waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi. Washa taa, weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye terminali ya ethi ya taa, nyingine kwenye hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, hapo ndipo umeme unapopotelea. Piga msasa hadi chuma king'ae, funga upya kwa boliti safi, kisha paka grisi juu ya kiungo kilichokazwa.

Ikiwa ethi ni nzima, pima upande wa chanya vivyo hivyo, kutoka chanya ya betri hadi terminali ya taa. Ukipoteza zaidi ya nusu volti, shuku swichi inayobeba mzigo wote bila relei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo kwa niaba ya ile ya dashibodi. Weka relei, na waya wa mm² 2.5 kutoka betri, fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri. Msidharau volti hizi ndogo: balbu ya halojeni ikipungukiwa asilimia 10 ya volti hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga.

Mwanga wa njano unapenya ukungu kuliko mweupe? (Msomaji, Limuru)

Hapana. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi. Hutawanya zote karibu sawa. Njano huenda ikapunguza uchovu wa macho, basi. Kinachosaidia ni taa kukaa chini na kulenga chini: simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, ukingo wa juu wa mwanga uwe sm 10 chini ya usawa wa taa. Na usiku usio na ukungu zizime, unampofusha anayekuja.

Naweza kupaka rifulekta iliyoota kutu rangi ya fedha?

Hapana. Nunua taa.

Nimenunua taa za LED zilizoandikwa IP67. Nivuke mto bila wasiwasi, na kuosha kwa mashine ya presha? (Msomaji, Mbeya)

IP67 maana yake taa imejaribiwa kuzama mita 1 kwa dakika 30 kwenye maji yaliyotulia. Haisemi lolote kuhusu mchirizi wa maji ya presha, ambao hupenya mpira unaostahimili kuzamishwa. Kwa hiyo kuna kipimo kingine, IP69K. Waambie waoshaji wasielekeze bomba kwenye ukingo wa lenzi wala plagi za nyuma. Mtoni, zima taa dakika 10 kabla ya kuingia, na uziwashe ukishatoka ili joto lifukuze unyevu.