Ruta inajizima kila jioni

SWALI: Ruta ya nyumbani hujizima na kujiwasha jioni, hasa simu zikiwa tano au sita na televisheni inaonyesha filamu. Asubuhi haina shida. Ninunue nyingine?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue bado. Tazama taa: zikizimika zote kwa pamoja kisha zikawaka upya, mara nyingi tatizo ni umeme, si intaneti. Geuza ruta usome kibandiko. Nyingi huandikwa 12V 1A au 12V 1.5A (V ni volti, A ni ampea). Kisha soma adapta, yaani kile kichaji cha ruta unachochomeka ukutani. Volti zilingane kabisa. Ampea ziwe sawa au zaidi. Adapta ya 12V 0.5A iliyotolewa kwenye kifaa kingine itaiwasha vizuri tu, lakini watumiaji wakiongezeka ruta hudai umeme zaidi, volti zinashuka, inajizima. Adapta iliyochoka hufanya vivyo hivyo, maana kapasita zake, vipande vya ndani vinavyotuliza umeme, huvimba. Fundi apime volti kwa mita ruta ikiwa kazini, si adapta ikiwa peke yake. Ikisoma volti 10, badilisha adapta. Ukinunua, nenda na ile ya zamani: kwenye plagi yake, tundu la pini la milimita 2.1 na la 2.5 yanafanana kwa macho, ila moja litalegea. Ikizimika taa ya intaneti pekee, hapo mpigie mtoa huduma wako.